Nyota Niliyoizima Kwenye Kioo cha Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa kuchemsha chai. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nilikwenda mtaa wa Gerezani, kwenye vipuri pale Kariakoo, nikiwa na ndoto ya kuziba vioo vya magari. Sikujua hata kama kioo cha gari kinazibika. Nilikuwa binti wa Mtaa wa Sikukuu, hapo hapo Kariakoo, nimekulia kwenye baraza ya wanawake wanaoshona kofia za viua, zile nyeupe zinazotobolewa vitundu vidogo vidogo kisha kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa mkono. Nilikuwa nimemaliza shule na sina mbele wala nyuma. Shangazi akasikia kuna karakana ya vioo inatafuta mtu wa chai na simu. Nikaenda nimevaa viatu vya kuazima.

Meneja wa Karakana alinipokea mlangoni, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na huruma yake aliificha mahali ambapo sikupata kupajua.

"Chai saa nne," alisema. "Simu usiiache ilie. Na kioo usikiguse, chochote kile, hata kikikuangukia."

Nikamjibu, "Ndiyo, bosi." Nyuma yake vioo vya mbele vilikuwa vimeegemezwa ukutani kwa safu, na mimi nikajiona ndani ya vyote, msichana mwenye birika.

Niseme na sababu ya kusimulia, kabla sijaenda mbali. Haya siandiki mimi, anayaandika mwanangu Rukia, maana macho yangu sasa yamebaki ya kutofautisha mwanga na kivuli. Marehemu baba yake Rukia alikuwa mwashi. Ukuta wa kutawadhia wa msikiti wa mtaani kwetu aliujenga yeye, na Rukia tangu mdogo akipita pale huupiga kikofi, kama mtu anayemsalimia jamaa. Siku moja, tulipokuwa tunazungumza tu, wala si kwa ubaya, akaniambia, "Mama, wewe umefanya kazi maisha yako yote, lakini mimi sina pa kugusa nikasema hiki kafanya mama." Nilimjibu ovyo siku ile, kisha nikaingia ndani nikalia. Tangu hapo nilikuwa na haja moja tu: nipate kioo kimoja nilichokiziba, kimoja tu ambacho bado kipo, nimshike mkono Rukia nimwambie gusa hapa.

Mtu aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Mkuu. Mzee mkavu, mpole, anayevaa koti la kazi lililofungwa vifungo vyote hata Dar ikiwa inaunguza. Alinikuta mchana mmoja, birika limeshaepuliwa, nimekaa kwenye ndoo nashona.

"Binti, hiyo kofia ya nani?"

"Ya kaka yangu, Fundi. Anaoa."

"Kiua kimoja kinakuchukua muda gani?"

"Sijui. Mpaka kikae sawa."

Akaweka kikombe chini bila kumaliza chai. Akaenda kwa Meneja wa Karakana, nikawasikia wanabishana, sauti ya Meneja ikipanda na ya Fundi Mkuu ikibaki pale pale. Kisha akarudi akaniambia, "Kesho chai achemshe mwingine."

Basi nikaingia kwenye kazi, na kwa ajili ya wale wanaotaka kujua ilifanywaje, nitaeleza. Ila natangulia kusema kwamba siku hizi hakuna anayetaka kujua.

Kioo cha mbele cha gari si kioo kimoja. Ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja, katikati kuna utando wa plastiki. Ndiyo maana kikipigwa hakimwagiki chini kama punje za mtama, kama kile cha mlangoni. Jiwe likiruka kutoka kwenye tairi la lori linaumiza kile cha nje tu, na mahali palipoumia hewa inaingia. Unachokiona wewe ukasema gari langu lina alama ni ile hewa. Kazi yetu ni kuitoa hewa na kuweka gundi mahali pake, gundi nyepesi kama maji na angavu kama kioo chenyewe. Hewa ikitoka yote, jicho linapita moja kwa moja bila kukwama.

Fundi Mkuu alikuwa akisema majeraha yapo ya namna mbili yanayotibika. Kuna jicho, ambalo ni la duara, na hilo mwanafunzi anaweza. Na kuna nyota, yenye miguu inayotambaa pande zote, na nyota ndiyo inayomtofautisha fundi na mpaka rangi. Zaidi ya hapo ni ufa. Ufa ukishafika ukingoni mwa kioo, au ukiwa mbele ya macho ya dereva, unamwambia mwenye gari ukweli akanunue kioo kingine. Hata ukiziba vizuri kiasi gani kunabaki kijiwingu, na dereva akimulikwa na taa za mwenzake kile kijiwingu kinawaka usoni.

"Kukataa kazi ni nusu ya kazi," aliniambia. Meneja alikuwa hapendi kabisa kumsikia akisema hivyo.

Ukishakubali, unaanza na kivuli. Gari lililosimama juani Gerezani kioo chake kinachemka. Ukitia gundi inakimbia kabla haijaingia miguuni mwa nyota, na ule ufa nao unakimbia. Nimewaona watu wenye haraka wanakimwagia maji ya baridi kipoe. Kinapasuka mbele ya macho yao, halafu wanamgeukia fundi. Sisi tulikuwa tunaliingiza gari bandani, tunafungua milango, tunasubiri mpaka kiganja kiweze kulala juu ya kioo bila kushtuka. Wakati wa masika ni kinyume chake, unakipasha kwa mbali ili unyevu utoke, maana maji yakibaki ndani ya jeraha gundi haishiki. Kisha unachokonoa tundu kwa sindano, unatoa vumbi na vipande vya kioo vilivyosagika, taratibu. Hapo ndipo zile kofia za viua ziliponisaidia.

Halafu unasimamisha pampu. Ni kijidude chenye vikombe vya mpira vinavyonyonya kioo, na katikati kuna mrija unaokaa juu ya tundu barabara. Unasukuma gundi, unavuta hewa, unasukuma tena. Ndani ya gari, juu ya dashibodi, unaweka kioo cha kujitazamia ili uone upande wa pili: ukiona kiputo kinang'aa, hujamaliza. Wakati mwingine unabonyeza kwa dole gumba kutoka ndani, kidogo sana, miguu ya nyota ifunguke inywe. Miguu inazimika mmoja mmoja. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nikifika hapo nasahau njaa.

Mwisho unaiwashia taa ya zambarau, gundi inaganda. Unakwangua iliyozidi kwa wembe uliosimama wima, kamwe usiulaze. Unasugua ing'ae. Kisha unafanya kile ambacho Fundi Mkuu alikiita salamu: unapitisha ukucha pale palipokuwa na tundu. Ukucha ukikwama, rudia. Ukucha ukipita kama vile hapajawahi kuwa na kitu, kunja vyombo vyako.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaharibu kazi hiyo, maana huko nje sijui, lakini hapa Bongo tulikuwa na letu. Mjini kwetu ukiliacha gari nje usiku unaweza kuamka ukakuta taa na vioo vya pembeni vimeshang'olewa, na wewe mwenyewe ukaenda kuvinunua tena Gerezani. Dawa iliyobuniwa ni kuchora namba ya gari kwenye kila kioo, ili kikiuzwa kijulikane cha nani. Kuna watu kazi yao ni hiyo. Wanakuja na kalamu ya umeme inayokwangua, inatetema mkononi, wanachora hadi kioo cha mbele. Mteja akitoka kwetu, gari lake limekuwa zuri, moyo umemjaa, anawahofia wezi. Anakwenda kona ya pili kuchora namba.

Teksi moja nyeupe ilirudi adhuhuri ile ile. Mwenyewe alikuwa mtu wa Ilala, analia kwa hasira, ufa umekatiza kioo kutoka pembe hii hadi pembe ile.

"Mmeniuzia kimeo!" alipiga kelele. "Nimeenda kuchora namba tu hapo, gari yangu imepasuka yote!"

Meneja wa Karakana alitoka kubishana. Fundi Mkuu aliuangalia ule ufa, akapitisha kidole juu yake. Jioni alinieleza kwamba gundi hata ikiwa imeganda, kioo kilichotoka kuumia kina hofu yake, na mtetemo siku ile ile ni kukifukuza. "Kioo hakisikii sababu, binti. Kinasikia mtikisiko tu." Kuanzia siku hiyo kila mteja aliambiwa: usioshe leo, usiwashe kiyoyozi kwa nguvu, na namba usichore. Walikuwa wanaitikia. Nusu yao walikwenda kuchora.

Nilipopevuka kikazi nilipelekwa bandarini, kwenye yadi ambako magari ya mitumba yalikuwa yanasubiri wenyewe. Sikukupenda kule. Hewa ya chumvi inalala kwenye kioo kama jasho, ukikausha huku inarudi kule. Mawakala wa kutoa mizigo walikuwa wanatembea na funguo kiganjani na simu sikioni, kila mmoja anataka alama iondoke kabla mteja hajaiona.

"Sista, fanya chapchap, mwenye gari yuko getini."

"Mwambie aingie anywe soda. Kioo bado hakijanywa gundi."

"We dada una maneno!"

Nilikuwa na maneno, ndiyo. Msimamizi wa Yadi alinishitaki kwa Meneja kwamba nachelewesha watu, na Meneja akanirudisha mjini. Nilifurahi kimoyomoyo, nikajifanya nimenuna.

Baada ya hapo ndipo nilipopangiwa Posta, kwenye ofisi moja ya umma ambayo jina lake siwezi kulitaja, kutunza vioo vya magari yao. Walikuwa na maegesho chini ya jengo, pana kivuli, pana ubaridi, sakafu safi. Fundi Mkuu alipokuja kunitembelea alisimama katikati akasema, "Hapa hata mimi ningekuwa hodari." Huo ulikuwa utani wake wa pekee ninaoukumbuka. Mwaka huo huo alifariki, na koti lake la kazi lilibaki limening'inia karakanani mpaka mtu akalifanya dasta.

Bosi wangu pale alikuwa Msimamizi wa Magari, mtu mnyoofu, mwenye adabu, anayeamini kwamba agizo likishatoka hata mvua inapaswa kulitii. Asubuhi moja aliniita kwenye gari kubwa la safari lililorudi kutoka bara. Lori lilikuwa limelirushia jiwe. Upande wa abiria, shibiri moja juu ya waipa, palikuwa na nyota ambayo sijapata kuiona tena, miguu mirefu na myembamba, mmoja umeshaanza kuelekea ukingoni.

"Linakwenda Dodoma kesho," alisema. "Inawezekana, Bi Zainabu?"

Kwa sheria za Fundi Mkuu ile nyota ilikuwa mpakani mwa kukataliwa. Nilizunguka lile gari, nikaingia ndani, nikatoka, nikamulika kwa tochi kutoka chini. Ule mguu mrefu ulikuwa haujafika ukingoni. Nikasema inawezekana.

Sijawahi kufanya kazi vile kabla wala baada. Nilisukuma na kuvuta mpaka vidole vikafa ganzi. Mguu mrefu ulikuwa unazimika nusu kisha unarudi kung'aa. Watu walikwenda kula wakarudi. Alasiri ukazimika, kuanzia ncha hadi katikati, na baada yake ile nyota nzima ikaondoka. Nikawasha taa ya zambarau, nikakwangua, nikasugua, nikapitisha ukucha. Hapakuwa na kitu.

Ndiyo kwanza nakunja vyombo, ninamsikia mtu anashuka ngazi anapiga mluzi. Ni mchora namba, na kalamu yake imeshachomekwa kwenye waya mrefu.

"Mama, mambo? Nimeambiwa nichore zote leo."

"Hili liache mpaka keshokutwa."

"Siwezi, mama. Bosi kasema zote."

Nikamwendea Msimamizi wa Magari. Nikamweleza habari za mtetemo, nikamweleza ile teksi nyeupe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake.

"Nakuelewa, Bi Zainabu. Lakini agizo ni magari yote, na ni leo. Wewe umemaliza kazi yako vizuri, mwache na yeye amalize yake."

Nikaingia ndani ya lile gari. Nikaweka kiganja kwenye kioo, kwa ndani, pale pale ilipokuwa nyota, nikakishikilia kama mtu anayemshika mgonjwa kichwa. Mchora namba akaanza. Sauti yake ilikuwa kama ya nzi aliyefungiwa kwenye chupa, na mtetemo wote niliupokea mkononi. Namba ilikuwa na saba, nne na saba mwishoni. Kila tarakimu nilisema basi, sasa kinakwenda. Alipomaliza ya mwisho akafuta vumbi kwa kiwiko akahamia gari la pili.

Kioo hakikukimbia. Nilitoka nje nikakitazama.

"Mbona unatokwa jasho?" Msimamizi aliniuliza. "Huku chini pana baridi."

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiliona lile gari mjini, maeneo ya Posta, na kila nilipoliona nilisimama kando ya barabara nikakitazama kioo chake mpaka wenye haraka wananisukuma. Kipo. Kilikwenda Dodoma, kikaenda kote walikokipeleka, na nyota haikurudi. Ni mimi peke yangu niliyekuwa najua kwamba iliwahi kuwepo. Nilipokuwa kijana nilijivunia siri hiyo. Leo naona ilikuwa ni upumbavu. Mwashi anajenga, watu wanaegemea. Fundi cherehani anaiona nguo yake inapita harusini. Mimi kazi yangu ikiwa nzuri ilikuwa inafutika pamoja na jeraha, na mteja akifika Magomeni ameshasahau kwamba alikuwa na shida.

Karakana ilifungwa Meneja alipofariki, watoto wake walikuwa na mambo mengine. Mkataba wa Posta nao ukaishia hapo. Nikaweka kijiwe changu pale pale Gerezani, mbele ya duka la Bwana Massawe, mtu wa Kilimanjaro anayeuza vioo vipya vya magari. Watu walicheka: anayeziba na anayeuza wamekaa mlango mmoja. Lakini tuliishi vizuri. Nikikataa kazi mteja anaingia kwake.

"Bi Zainabu, leo umenikatalia watu wachache," alikuwa akinitania. "Unataka wanangu wasiende shule?"

"Wanao wameshanenepa, Massawe. Waache na wangu wale."

Aliyeshinda mwishoni ni yeye, na hata yeye hakufurahi. Vioo vipya vya bei rahisi vilijaa, vyepesi, vinaonyesha barabara imepinda kama unaitazama kupitia maji. Mtu akipata alama ndogo anatupa kioo cha asili kilichotengenezwa na watu waliojua kazi, anaweka hicho. Magari mapya nayo yana kamera nyuma ya kioo, na wenyewe hawataki mkono wa mtu kama mimi karibu nayo. Waliobaki wakitaka kuziba wanakwenda kwa vijana wanaotia supagluu juani, kioo kikiwa cha moto, wanapuliza kwa mdomo, wanafuta kwa fulana. Nimepiga kelele mpaka nimechoka. Mmoja aliniambia, "Bibi, wateja hawajui tofauti." Nilitaka kumzaba kibao, lakini nililoshindwa ni kumpinga, maana alikuwa anasema kweli.

Kisha macho. Daktari alisema ni presha ya macho, imenila kidogo kidogo kutoka pembeni. Mimi nilijua siku mteja mmoja, mwanamke mpole, aliponiambia, "Mama, samahani, mbona kama kuna kidoa bado?" Niliinama nikatazama. Nikaweka tochi, nikazunguka ndani. Kwangu kioo kilikuwa safi kabisa. Nikamwita Massawe, akakitazama, kisha akanishika bega. Nilirudisha hela ya yule mama na sikufungua kijiwe tena.

Hapo ndipo yalipokuja yale maneno ya Rukia, na mimi nikaanza kutafuta. Magari niliyoyakumbuka yalikuwa yameshakuwa vyuma chakavu. Lakini lile la safari nilikuwa najua namba yake. Rukia aliwapigia simu kule ofisini Posta, akaambiwa limeuzwa kwenye mnada, na aliyelinunua hawamjui aliko. Nikamwachia Massawe zile tarakimu. Magari yote ya aina ile, nilimwambia, ipo siku yatapita Gerezani.

Alipiga simu asubuhi moja mwaka huu.

"Bi Zainabu, ile namba yako imekuja."

Rukia anafanya kazi benki. Aliomba ruhusa, tukaenda pamoja, akanishika mkono kutoka kituo cha mwendokasi mpaka dukani. Njia nzima nilikuwa naongea kama kichaa. Nilimweleza ile nyota, ule mguu mrefu, mchora namba na mluzi wake. Alikuwa anasema, "Angalia ngazi, mama."

Massawe alitupeleka nyuma ya duka, wanakoegemeza vioo vilivyotolewa kwenye magari. Kulikuwa na lori la kuzoa vioo chakavu limeegeshwa, nilisikia vioo vikitupwa ndani yake.

"Gari lenyewe ni zima?" nilimuuliza.

"Zima kabisa, liko nje mjini linafanya kazi. Limebadilishwa vioo vyote."

"Kwani kioo cha mbele kilikuwa na nini?"

Massawe alisita kidogo. "Hakikuwa na kitu, Bi Zainabu. Gari la umma likiuzwa linapewa namba mpya. Sasa vioo vina namba nyingine, yule bwana kila akisimamishwa anaulizwa kama gari ni la wizi. Akachoka. Akasema toa vyote."

Kwa hiyo nyota haikukitoa. Kilichokitoa ni ile kalamu. Nikawaambia wanipeleke.

Wakanipeleka kwenye kioo. Nilipapasa ukingo wa chini nikaipata namba, saba, nne, saba, inakwaruza kidole kama jana. Kutoka hapo nilijua njia. Nikapanda shibiri moja juu ya alama ya waipa, upande wa abiria, nikapitisha ukucha. Ukapita. Nikaurudisha, ukapita. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa msichana.

"Hapa, Rukia. Gusa hapa."

Akagusa.

"Washa tochi ya simu. Tazama kutoka chini, kwa kiupande."

Alitazama kwa muda mrefu. Sina lawama, alitazama kweli. Massawe naye akainama, nikamsikia anapumua karibu na kioo.

"Unaona nini?"

"Mama, hakuna kitu hapa," Rukia alisema. "Ni kioo tu. Kioo kizima."

"Ndiyo! Ndiyo hiyo!"

Massawe akakohoa.

"Una uhakika ni hapa lakini, mama? Isije ikawa ni kioo kingine, au upande mwingine?"

Nikamweleza upya. Nyota, mguu mrefu, alasiri. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ya mwanamke mzee asiyeona, anayegonga gonga kioo kitupu akisema hapa palikuwa na kitu. Rukia akanishika kiganja akakitoa juu ya kioo, taratibu.

"Sawa, mama. Nimekuamini," alisema.

Ile ndiyo sauti anayowajibia wateja wa benki. Naijua, nimeshawahi kumsubiri kule akimaliza kazi. Mpakizi wa lile lori akauliza, "Bosi, na hiki kinapanda?" Massawe akanisubiri mimi. Nikasema kipande.

Vijana mliotaka kujua namna ya kupata matokeo mazuri kwenye kazi ya vioo, nimeshawaeleza yote: kivuli, subira, wembe wima, ukucha. Fanyeni hivyo, kama bado yupo anayetaka kufanya. Mimi nimekata tamaa na sioni haya kulisema. Rukia anayaandika haya sasa hivi, anabonyeza tu. Siku ile kwenye kile kioo ningekuwa nimeacha kiputo kimoja, kijiwingu kidogo, ukucha ukwame hata mara moja, mwanangu angekuwa na pa kugusa.